Mchele Ulionukia Udi

Mchele wa Bi Sitara ulikuwa unanukia udi. Aliuweka ndani ya kasha la mvule chumbani kwake, pamoja na kanga zake za kutokea, na kanga hizo alizifukiza kila Alhamisi. Basi harufu ilishuka mpaka kwenye punje. Uuoshe utakavyo, uupike kwa nazi, ukifunua chungu bado udi unakufikia kabla ya wali.

Mtu hajui jambo kama hilo mpaka awe na sababu ya kuinamia vyungu vya watu. Mimi nilikuwa nayo.

Mwaka ule wa hamsini na sita ilikuja ofisi ya kuchunguza chakula cha watu wa mjini. Walitaka kujua Kariakoo wanakula nini, na kiasi gani. Mtaa utakaoonekana chakula chake hakitoshi ungefunguliwa kituo cha maziwa: kila asubuhi, kila mtoto mdogo, kikombe kimoja bila malipo. Karani wao alikuwa Bwana Benjamini, kijana wa Masasi, mtu wa miwani na baskeli. Lakini karani mwanamume humwingizi uani kwa watu, wanawake wamejifunga kanga moja wanakuna nazi. Akikaa barazani atapima nini? Ikatafutwa mwanamwali anayejua kuandika tarakimu, asiye na maneno mengi. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, na maneno sikuwa nayo. Nikachukuliwa.

Nilipewa kibaba cha bati kilichopigwa muhuri ubavuni, na mizani ndogo ya kuning'iniza, ya samaki na mboga. Naingia uani asubuhi kabla vyungu havijatelekwa. Kila mwenye chumba ananionyesha anachokusudia kupika siku ile, kingali kibichi. Napima, natoka barazani namwambia Bwana Benjamini, yeye anaandika. Kisha nyumba ile ile tunairudia siku nyingine, na nyingine tena, tuone kama majibu yanalingana.

Nyumba niliyoingoja kwa hamu ilikuwa Mtaa wa Mchikichi. Mwenyewe ni huyo Bi Sitara, mjane, mwanamke safi, mwenye sauti ndogo ambayo hairudiwi. Chumba cha mbele alikaa yeye, vingine alipangisha. Cha mwisho, karibu na choo, alikaa dada yangu Mgeni na mumewe Ramadhan na mtoto wao Abbasi.

Ramadhan alikuwa kuli wa kibarua bandarini. Asubuhi wanasimama getini, msimamizi ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyenyooshewa anarudi kwake. Miezi ile meli zilikuwa chache, na kidole kilikuwa kinampita shemeji yangu kama hakimwoni.

Na Abbasi nilikuwa nambeba, najua. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na laini kama za gunzi la mhindi. Ukimbonyeza mguu, shimo linabaki. Umri wake wenzake walikuwa wakivuta vitambaa vya meza na kutia mikono ndani ya maji ya watu. Yeye anakaa hapo ulipomweka mpaka urudi. Bi Sitara alikuwa akimsifu: "Mtoto ana adabu huyu." Mimi sikuona adabu. Kwa hiyo kibaba nilichopewa, wengine wakikiona kopo la bati, mimi nilikiona kikombe cha Abbasi.

Siku ya kwanza katika nyumba ile nilipima vyumba vyote. Kwa mke wa fundi viatu, mchele mzuri, mweupe. Kwa mjakazi wa Mungu mmoja anayeuza vitumbua, mchele. Kwa Mgeni, mchele, tena kibaba kikajaa na kumwagika. Nikamtazama dada yangu, naye akatazama sinia. Jana yake nilikuwa hapo hapo kwake, na walikula muhogo wa kuchemsha, na Ramadhan aliondoka kabla haujaiva ili asihesabiwe kwenye mgawo.

Nikadhani shemeji kapata kibarua. Nikafurahi, kisha nikaogopa. Kwani akiandikwa kuwa anacho, maziwa hayaji.

Siku ya pili pua ikaniambia. Kwa muuza vitumbua nilisikia udi. Kwa mke wa fundi viatu, udi. Nilipofika kwa Mgeni niliinama zaidi kuliko inavyotakiwa, nikavuta pumzi, udi. Na kila nilipokuwa natoka barazani kumwambia karani jibu la chumba kimoja, nyuma yangu nasikia nyayo na kanga zikichakarika, na mtu akinong'ona, "Haraka, anarudi." Mchele ulikuwa ule ule. Unapimwa chumba hiki, unapita mlango wa pili, unanisubiri.

Nilipima mara ya tatu, mambo yakawa vilevile.

Bwana Benjamini alikuwa ameridhika. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza la nyumba ya jirani, anafunga karatasi zake na kamba.

"Zamda, nyumba ile ni nzuri kwa kazi," alisema. "Mara tatu tumepima, jibu lile lile. Hakuna aliyeyumba."

"Kwani likiwa lile lile ndiyo kweli?"

Akanitazama. Hakuwa mpumbavu yule kijana, wala hakuwa na majivuno. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Hayo ni mambo mawili. Unamjua muuza nyama aliyetoboa jiwe lake la mizani kwa chini? Leo utapata ratili pungufu, kesho pungufu, na mtondo pungufu kwa kiasi kile kile. Huyo hana kigeugeu, unaweza kumtegemea. Lakini anachokupa si ratili."

"Na kama jiwe ni zima?"

"Kama jiwe ni zima, bado kuna neno. Pengine ulitaka kujua uzito wa mzigo, ukampima punda. Mizani haikukosea. Umekosea wewe uliyempandisha punda." Akacheka mwenyewe, kisha akaacha. "Kibaba chetu ni kizima, nilikijaribu kwa mikono yangu. Ninachokiogopa ni punda. Kuna neno umeliona?"

Nilisema, "Ngoja kwanza." Siri ya uani si ya kumwagwa barazani, na mmoja wa wenye siri alikuwa ndugu yangu wa ziwa moja.

Jioni ile nikaenda kwa Mgeni. Alikuwa anapepeta unga, Abbasi amekaa kando ya miguu yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona huna kibaba?"

"Nimekuja mimi tu. Dada, ule mchele ni wa nani?"

"Mchele upi?"

"Uliokuwa hapa asubuhi. Kisha ukawa kwa mke wa fundi, kisha kwa mama wa vitumbua. Unanukia kanga za Bi Sitara."

Akacheka puani. "Wewe na pua yako. Tangu utotoni, mtu akila karanga kwa siri wewe ndiye unayekwenda kumsimulia mama."

"Sijamsimulia mtu."

Akaendelea kupepeta. Baadaye akasema, "Ni wake. Alituita wote chumbani. Akasema nyumba ya marehemu mumewe haijapata kuandikwa kuwa ina njaa, na haitaandikwa na watu wa ofisi. Mchele atatoa yeye, upimwe, urudi kashani."

"Na nyinyi mnapika nini?"

"Tunachojaliwa."

Nikamwambia habari ya maziwa. Alikuwa ameisikia, lakini alikuwa ameisikia kama watu wanavyosikia mambo ya serikali. Nikamweleza kwamba hesabu zinakusanywa mtaa kwa mtaa, kwamba mchele wa mtu mmoja unahesabiwa mara tano katika nyumba moja, na pengine nyumba nyingine zinafanya hivyo hivyo. Mchikichi wataonekana wanakula kuliko watu wa Upanga. Nikamshika Abbasi mguu, nikaubonyeza, tukakaa sote wawili tunatazama lile shimo.

"Zamda," alisema, "wewe hujaolewa. Chungu cha mwanamke ni uso wa mumewe. Nikikifunua kitupu mbele ya watu nimesema Ramadhan hanilishi. Mke anayesema hivyo anakwenda kwa kadhi, harudi uani kupika."

"Hutasema kitu. Utaonyesha ulichonacho tu, nitapima, basi. Kumi wakionyesha kweli, hakuna atakayekuwa na aibu peke yake."

"Na nani wa kwanza?"

Abbasi alikuwa ameshika kidole changu, na mkono wake haukuwa na nguvu ya kukibana. Mgeni aliuona.

"Haya," akasema. "Akija mtu nitamwonyesha chungu changu kilivyo. Mmoja akianza, hata mama wa vitumbua atafuata, namjua."

"Apa."

"Naapa kwa ziwa la mama tulilonyonya sote."

Kesho yake nikamwambia Bwana Benjamini. Sikumtaja mwenye mchele. Nilimwambia tu kwamba nyumba ile irudiwe siku wasiyoijua, vyumba vyote kwa pamoja, na mtu mkubwa kuliko mimi.

Akafikiri. "Yupo Nesi Clotilda, ndiye anayetia sahihi majibu. Yeye ni mwanamke, ataingia. Lakini nikimleta kisha akakuta vilevile, sina la kusema tena. Na wewe huna."

"Hatakuta vilevile."

"Una hakika gani?"

"Nina dada yangu mle ndani."

Akakubali. Siku ikawekwa Jumatano. Niliyemwambia siku hiyo ni mtu mmoja tu.

Jumatano tukapita ujia mimi na Nesi Clotilda, mwanamke mrefu wa viatu vyeupe, anatembea kama anaogopa kukanyaga kitu. Bwana Benjamini alibaki barazani. Tulipotokea uani nilisimama.

Palikuwa kama pana arusi. Pametiwa maji, pamefagiwa. Mbele ya kila mlango kuna mkeka, na juu ya kila mkeka sinia ya mchele, si ya kupokezana, kila mtu na yake, kwa wakati mmoja. Nazi zimevunjwa. Samaki changu wamelazwa juu ya majani ya mgomba. Bi Sitara alikuwa amelifungua kasha lote, na pengine na makasha ya mashoga zake. Yeye mwenyewe amekaa katikati, kavaa kanga mpya, buli la chai pembeni.

"Karibu, nesi," alisema kwa ile sauti ndogo. "Tuliambiwa utakuja leo, tukasema mgeni hapimi vyungu vya watu na koo kavu. Kaa unywe chai."

Tuliambiwa. Nilimtafuta Mgeni kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, na sinia yake ndiyo iliyojaa kuliko zote.

"Nani aliwaambieni?" aliuliza nesi.

"Nyumba ina masikio, mwanangu."

Mke wa fundi viatu akanisogezea sinia yake kwa mguu. "Pima, binti kibaba. Au leo unanusa tu? Tumesikia una pua ya paka."

Wakacheka. Habari ya pua nilimwambia mtu mmoja, jioni moja, karibu na ungo wa unga. Kabla ya hapo nilikuwa bado najitafutia maneno: pengine Bi Sitara kabahatisha, pengine mtu kamwona Bwana Benjamini ofisini. Baada ya neno lile sikuwa na pa kukimbilia.

"Ukimaliza hapa," alisema mama wa vitumbua, "pita na kwa mama yako Mtaa wa Narung'ombe, utuletee habari za chungu chake. Na sisi tuna hamu."

Nilipima. Najaza, nasawazisha kwa kiganja, namwaga. Nesi anaandika. Tulipofika kwa Mgeni nesi hakuinama, alimtazama yeye.

"Mchele huu ni wako, mama?"

"Wangu."

"Ameununua nani?"

"Mume wangu. Nani mwingine atanunua?"

"Na mtoto anakula?"

"Alhamdulillah, anakula na kusaza."

"Mdogo wako ana wasiwasi kwamba humu ndani chakula hakipatikani."

Mgeni hakunitazama. Alisema kwa upole, kama mtu anayenitetea: "Mdogo wangu hajaolewa, nesi. Mambo ya nyumba za watu hayajui. Msamehe."

Uani walicheka tena, lakini kidogo, kwa heshima ya nesi.

Nikasema, "Nesi, mtazame mtoto. Acha mchele, mtazame mtoto tu."

"Yuko wapi?"

"Amelala," alisema Mgeni, na akasogea akaziba mlango. Mkono mmoja mwimo huu, wa pili mwimo wa pili. "Na mwanangu simwamshi kwa ajili ya kutazamwa. Jicho la mtu baya."

Nilimsikia Abbasi ndani. Hakuwa analia, alikuwa anakohoa kile kikohozi chake kidogo. Nesi Clotilda pia alisikia, nadhani. Lakini alikuwa ametumwa kupima chakula, si watoto, na mbele yake kulikuwa na chakula. Mama wa mtu akikuzibia mlango wake huwezi kumsukuma. Akafunga kalamu yake.

Barazani Bwana Benjamini alizisoma hesabu mara moja tu. "Mara ya nne," alisema. "Jibu lile lile." Akakipokea kibaba mkononi mwangu, akakifunga nyuma ya baskeli. Nesi alipotangulia mbele kidogo akanigeukia. "Mimi nakusadiki wewe, Zamda. Lakini ofisi haiandiki kwamba inamsadiki Zamda. Inaandika vibaba." Sikumlaumu. Nilimwambia nina dada yangu, akauchukua udugu huo kuwa dhamana, nami niliuweka kwa moyo mweupe.

Nilimngoja Mgeni kwenye ujia. Alikuja na ndoo, kama anakwenda bombani.

"Uliapa," nilisema.

"Niliapa." Akaweka ndoo chini. "Bi Sitara alinikuta nalia. Akaniuliza una nini, nikashindwa kumficha. Ndiye anayenipa nazi ya mtoto siku isiyo na kitu, Zamda. Ndiye aliyenizalisha. Akaniambia, ukimvua nguo mumeo mbele ya ofisi nzima, atakwenda kuzitafuta kwa mwanamke mwingine."

"Na Abbasi?"

"Abbasi ana baba."

"Ungenitumia neno tu. Ungeniambia, Zamda, siwezi. Ningemzuia karani asimlete nesi. Umeniacha niingie uani mwenyewe kwa miguu yangu."

Alichukua ndoo. "Ningekwambia ungenibembeleza tena," alisema. "Na ungeniweza."

Kituo cha maziwa kilifunguliwa mtaa wa Gerezani, karibu na karakana za reli. Huko wanawake wengi walikuwa wa kuja, wake za watu wa bara wasiokuwa na Bi Sitara wao, na walipokaguliwa vyungu walionyesha vilivyokuwamo. Mimi kazi ya kibaba ilikwisha siku ile ya Jumatano. Nilirudi kukaa na mama, tunasuka ukili wa mikeka.

Mgeni hakuja kwetu muda mrefu. Alipokuja mama alikuwa sokoni. Alikuwa kambeba Abbasi kifuani, kichwa cha mtoto kimelala upande mmoja kama cha mtoto mchanga. Alikaa kwenye mkeka akauliza habari za ukili, za mama, za majirani. Nikamwacha amalize.

"Kituo kimefunguliwa," akasema.

"Nimesikia."

"Wanataka mama aende na mtoto mwenyewe, mlezi hawamtaki. Na awe mkazi wa kule. Mjomba si yuko kule, nyumba za reli?"

"Yuko. Basi nenda."

"Makuli wanapita pale, wakienda bandarini. Ramadhan anapita pale. Nikisimama kwenye foleni ile..." Akamfuta mtoto uso. "Nataka uende wewe. Useme ni wako."

Nilisuka miraba miwili mitatu. Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia akamwombe Bi Sitara, ana kasha. Nilitaka kumwambia mimi sijaolewa, mambo ya nyumba za watu siyajui. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini Abbasi alifumbua macho, akanitazama, wala hakunyoosha mkono. Zamani alikuwa akinyoosha.

"Mlete," nikasema.

Asubuhi yake nikasimama foleni Gerezani, moshi wa karakana unatupitia vichwani. Mgawaji alikuwa Klara, msichana wa misheni, mwepesi wa mikono.

"Jina la mtoto?"

"Abbasi."

"Mama yake?"

"Mimi."

"Unakaa wapi?"

"Kwa mjomba wangu, nyumba za reli."

Akaandika. Hakuna aliyeinama kunusa kitu. Kisha akamweka Abbasi kwenye kapu la mizani, akatazama mshale, akanitazama mimi kwa jicho la kunihukumu. "Mama, ulikuwa unangoja nini?" Nikainamisha uso, nikapokea kikombe.

Nikawa nakwenda kila asubuhi. Nampokea kwa Mgeni alfajiri, namrudisha jua likipanda. Maziwa yana kazi yake. Uvimbe wa ile miguu ulianza kukauka. Siku moja kwenye foleni alimvuta nywele mtoto wa mbele, yule akalia, mama yake akanifokea, "Mfunze adabu mwanao, wewe." Nikasema samahani, na huku nacheka mwenyewe, naona haya kwa furaha. Klara naye kila siku ya mizani alikuwa akinipa uso mzuri zaidi.

Siku hizo nilikuwa nimeposwa. Alikuwa fundi cherehani, anashona kwenye baraza la duka la Vallabhdas. Mtu mkimya. Nilikuwa nimemwangalia muda mrefu kabla yeye hajajua, anavyokata nyuzi kwa meno, anavyowarudishia watoto vipande vya kitambaa. Washenga walikuja mara ya kwanza, mama akawapokea vizuri, tukawa tunangoja waje na jibu la mahari.

Aliyekuja ni shangazi yake fundi, peke yake. Alikataa chai. Alisema na mama chumbani, nami nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, na hawakujali kwamba nasikia.

"Bibi, watu wamemwona binti yako Gerezani na mtoto, anasema ni wake. Nikasema hapana, yule atakuwa wa dada yake. Watu wasiseme ovyo. Nikaona niende Mchikichi, nimuulize Mgeni mwenyewe."

"Ulifanya vizuri," alisema mama. "Abbasi yule ni wa Mgeni."

"Ndivyo nilivyotarajia anijibu. Nikamkuta amekaa uani na mwenye nyumba wake na wenzake. Nikamuuliza. Akanijibu kwa kinywa chake: Abbasi wangu hajapata kutia mguu Gerezani, na maziwa ya bure kwetu hatuyajui." Akangoja. "Basi yule mtoto wa Gerezani ni wa nani, bibi?"

Nilimsikia mama akivuta pumzi. Kisha alisema, "Mungu ndiye ajuaye," na shangazi akaaga.

Mama alinikuta nyuma ya pazia. Alilia. Alisema akisema kweli amemvunjia Mgeni nyumba, akinyamaza amenivunjia yangu kabla sijaijenga. Alisema Mgeni ana mtoto, ana mume. Akaendelea kusema hivyo mpaka nikaelewa kwamba ameshachagua, na kwamba anataka nimwambie amechagua vyema. Sikumwambia.

Kesho yake ilikuwa siku ya mizani. Niliamka kama kawaida, nikaoga, nikatoka. Njia nzima nilikuwa najiambia sitakwenda Mchikichi, na miguu inakwenda.

Mgeni alikuwa ananingoja kwenye ujia na mtoto mkononi, nje ya macho ya uani. Abbasi aliponiona akajirusha, karibu amponyoke mama yake.

"Zamda," alisema kwa sauti ya chini. "Aliniuliza mbele ya Bi Sitara. Wote walikuwapo. Ningesema nini?"

"Leo wanapima. Nipe mtoto, foleni inajaa."

"Nitakwenda nimtafute peke yake yule shangazi. Nitamweleza. Wallahi, wiki hii hii."

Nikampokea Abbasi, nikamweka mgongoni. Alikuwa mzito sasa, unamsikia kiunoni. Nilitupa kanga begani, na Mgeni akanyoosha mikono anifungie fundo kifuani, kama alivyokuwa akinifungia alipokuwa akinipeleka shule.

Nikasogea nyuma, nikajifunga mwenyewe, nikatoka mtaani.